Picha ya Thelathini na Sita Ilikuwa ya Ua

Vijana wenzangu wa studio za Same, mlinifanyia sherehe ya kustaafu. Nawashukuru. Keki ilikuwa kavu, hotuba zilikuwa ndefu, na yule aliyeniita nguli wa upigaji picha alinipiga picha nimefumba macho. Halafu mkanikabidhi daftari, mkasema, Mzee Elia, tuandikie kazi ya zamani ilivyokuwa. Mimi nimeishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilihudhuria siku ambazo mbuzi walikuwa na mtu mwingine wa kuwachunga. Lakini nitaandika. Nimeona vitabu vya waliosoma na sikuona cha kunitisha.

Sitaandika nilipata kiasi gani wala nilijenga nini. Nitaandika kazi. Na sehemu kubwa itakuwa maua na wanyama, ambao hakuna mtu aliyewahi kunituma nikawapige. Hiyo ndiyo inaitwa ridhaa: kazi unayoifanya vizuri kuliko ile unayolipwa, halafu mkeo anakuuliza kama una akili timamu.

Nyie mna simu. Ua moja la bustani ya hoteli mnalipiga picha mia mbili, mnachagua iliyo mbaya zaidi, mnamtumia kila mtu asubuhi pamoja na maneno ya kumtakia siku njema. Sina ugomvi na hilo. Ninachotaka mjue ni kwamba kulikuwa na wakati ambapo picha moja ya ua iligharimu kitu, na mimi ilinigharimu jina langu lote la milimani.

Nilianza kazi nikiwa mtu mzima, mwenye mikono ya mkonge. Nilikuwa nimekata mkonge huko tambarare miaka minne, nikishindana na Wamakonde na Waha waliokuja kwa treni, na sikuwahi kumshinda hata mmoja. Siku mwiba uliponiingia kwenye goti nikaamua kwamba taifa litapata kamba bila mimi. Nikaja Same mjini.

Nyuma ya duka la fundi cherehani, karibu na reli, palikuwa na studio ya chumba kimoja. Mwenyewe alikuwa Fundi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye naye aliletwa na mkonge akauchoka kabla yangu. Ukutani alitundika pazia lenye ziwa na ndege weupe wenye shingo ndefu, ambao hakuna mtu wa Same aliyewahi kuwaona, na kila mtu alitaka kupigwa picha nao.

Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Akauliza, "Kwenu wapi?"

"Vudee."

"Vudee kuna maji?"

"Yapo, Fundi. Ya mfereji, yanatoka juu."

"Yana chumvi?"

"Hayana."

"Basi umepata kazi."

Akanipa madebe mawili. Maji ya Same yana chumvi, mnajua wenyewe. Ukiyatumia kusuuzia picha, ikikauka inabaki na madoa meupe. Kwa miaka mingi watu wa Same walikuwa wakionekana kwenye picha zao kama wagonjwa wa surua. Kwa hiyo miezi sita yangu ya kwanza katika sanaa ya upigaji picha nilikuwa nabeba madebe kutoka Vudee juu ya lori la kabichi. Mtu akiwaambia sanaa inaanza moyoni, mwambieni inaanza begani.

Baadaye nikaruhusiwa kuingia chumba cha giza. Kilikuwa kabati la nguo lililoongezwa mbao, na taa yake ilikuwa balbu iliyofungwa kitambaa chekundu cha kanzu ya kwaya. Maganga alinifundisha kuhesabu dakika kwa kuimba, kwa sababu saa yake ilikuwa imekwama. Wimbo mmoja wa kanisani, beti tatu, filamu imeiva. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini aliimba vizuri kuliko wazee wa kanisa letu.

Kamera ilikuwa ya Kirusi. Nzito. Ukimpiga nayo mwizi, hakimu atasema ulikusudia. Maganga aliniwekea mkononi akasema, "Elia, filamu ina picha thelathini na sita. Mungu hakuumba ya thelathini na saba. Ukilielewa hilo, mengine yote utajifunza kwa kukosea."

Nililielewa. Na bado nilikosea.

Miaka hiyo hapakuwa na kitu madukani. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa. Ukisikia sukari imefika duka la ushirika, foleni inaanza kabla lori halijazima injini. Filamu haikuwa hata kwenye orodha ya vitu vinavyokosekana; ilibidi uikose kimyakimya. Zetu zilikuja kwa njia za panya kutoka Taveta, ndani ya gunia la maharage, na aliyezileta hakuwa na jina. Ukimuuliza jina anaacha kuja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu mambo yote yametokana na hapa. Filamu huwezi kuisafisha mpaka iishe. Mtu akija Jumatatu akapigwa picha moja, lazima wapatikane wengine thelathini na watano ndipo yeye aone sura yake. Mjini pakiwa hapana harusi wala kipaimara, hiyo ni miezi miwili. Nilimjua kijana mmoja aliyepiga picha ya uchumba, na filamu ilipoisha uchumba ulikuwa umeisha kabla yake. Alikuja kuchukua picha hivyohivyo. Alimkata msichana kwa mkasi, akabaki na ndege weupe.

Wateja walipozidi kutupigia kelele, na filamu imebakiza mbili tatu, Maganga alinisukuma mlangoni. "Toka, kamalize hii. Piga chochote."

Chochote cha kwanza kilikuwa kando ya reli. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha kwa mara ya kwanza. Nyie mnaijua nyika ya Same ilivyo kabla ya mvua: mbuzi wanakula mifuko. Halafu inanyesha siku mbili, na ardhi ile iliyokufa inatoa maua madogo meupe na ya njano, mengi, kama kuna mtu aliyamwaga. Yanakaa wiki moja. Miaka yote nilikuwa nayakanyaga. Siku ile nililala kifudifudi, nikaweka jicho kwenye kamera, nikaona ua moja limesimama peke yake na nyuma yake milima imekuwa ukungu wa bluu. Nikasahau kupumua. Hilo liwe somo: ukitaka ua litulie, wewe ndiye utulie kwanza.

Nilipoinuka, mgambo alikuwa amesimama juu yangu.

"Unapiga picha reli."

"Napiga ua, afande."

"Mtu mzima analala chini kupiga picha ua?"

Ilikuwa ni kipindi cha kusaka wahujumu uchumi, na mimi nilikuwa na kamera ya Kirusi, filamu isiyo na risiti, na tumbo lenye matope. Nilipelekwa kituoni. Wakamwita Maganga, wakamwamuru aisafishe filamu mbele ya askari. Askari aliingia naye kabatini, akasimama wima muda wa beti tatu. Picha ilipotoka, mkubwa wa kituo aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mbele na nyuma.

"Hili ndilo ulikuwa unapiga?"

"Ndiyo, afande."

"Lenyewe tu?"

"Lenyewe tu."

Akamgeukia Maganga. "Mzee, huyu ana ndugu?"

Niliachiwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ingawa hawakuandika hivyo. Lakini njiani Maganga aliitazama ile picha mara ya pili, akasema, "Ua limekaa kama mtu anayejua anapigwa picha." Sikuwahi kupata sifa nyingine kutoka kwake, na sikuihitaji.

Baada ya hapo picha za mwisho za kila filamu zikawa zangu. Nilipiga kinyonga mwenye pembe, ambaye ndiye mteja pekee niliyemjua asiyetikisika. Nilipiga hondohondo akimlisha jike lake kwenye tundu la mti. Nilipiga mbega mara kumi na moja nikapata mkia mara kumi na moja. Nilijifunza kutandika kanga nyeusi nyuma ya ua ili lionekane, na kwamba ukungu wa Chome, huko juu milimani, ukishuka saa tatu asubuhi unakupa mwanga laini ambao hakuna taa ya studio inayouweza. Nilijifunza pia kunyamaza, maana kila aliyeziona picha zile aliuliza swali moja: "Na mtu yuko wapi?"

Maganga alipozeeka alirudi Tabora. Aliniachia kamera, kabati na lile pazia la ndege. Na aliniachia ujanja mmoja ambao afadhali angeondoka nao.

Ujanja wenyewe tuliuita kupiga hewa. Uko kwenye harusi, filamu imeisha, na bado kuna mashangazi ishirini wamejipanga wanataka kupigwa. Ukiwaambia filamu imeisha, wanakutoa kwa mawe. Basi unavuta wenzo, kile kijiti cha kusogezea filamu, unabonyeza, inalia ka! Mashangazi wanafurahi, wanatawanyika. Baadaye unasema picha iliungua. Wapiga picha wote wa wakati huo walifanya hivyo, na anayekataa mpeni salamu zangu.

Mimi niliufanya kwa mtu mmoja.

Kila vuli nilikuwa napanda Chome. Napiga picha familia baada ya ibada, na njiani napiga vya kwangu. Kuna ua moja jekundu, la duara kama mpira, ambalo linatoka ardhini kabla hata ya majani yake, mvua za kwanza zikigusa. Linakaa siku chache, linaporomoka. Nilikuwa nimelikosa misimu mitatu. Mwaka ule nikaambiwa liko kando ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba, chini ya nyumba ya Bibi Namkunda.

Bibi Namkunda alikuwa mjane wa miaka mingi, mwembamba, mwenye shamba la tangawizi na mdomo mkali. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya ua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

"Nataka kupiga picha hili ua, lakini upepo unalitikisa."

"Wewe ndiye yule kichaa wa Same?"

"Ndiye."

"Nilifikiri ni mrefu zaidi." Akachuchumaa, akashika shina kwa vidole viwili, chini kabisa. "Haya, piga. Mimi nina kazi."

Nikapiga. Ilikuwa ya thelathini na sita. Wenzo uligoma kwenda mbele, na nilijua bila kuangalia namba.

Bibi akasimama, akajifuta udongo kwenye kanga. "Fundi," akasema, na hakuwa ameniita hivyo mwanzo, "mimi sijawahi kupigwa picha. Hata moja. Eliwaza, binti yangu, ananisumbua kila siku. Ngoja nivae."

Sikusema kitu. Angalieni hapo. Ningeweza kusema imeisha. Lakini ningesemaje kwamba picha ya mwisho, ambayo ingekuwa ya kwake, nimempa ua ambalo yeye mwenyewe amenishikia? Alipoingia ndani nilizungusha filamu ikarudi kwenye kopo lake, ili wenzo ukubali kuvutika. Nikajiambia, baada ya wiki mbili nitarudi na filamu nyingine nimpige ya kweli.

Akatoka na gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akasimama mbele ya mlango wake, mikono imenyooka ubavuni kama askari.

"Nicheke au nisicheke?"

"Upendavyo, Bibi."

"Basi sicheki. Watoto wasije wakanizoea."

Nikavuta wenzo. Nikabonyeza. Ka! Mlio ni uleule.

"Tayari?"

"Tayari."

Alinifungia makande kwenye jani la mgomba nile njiani.

Wiki mbili zikawa miezi minne. Mtu wa maharage alikamatwa, na filamu Same nzima hazikuwepo. Picha ya ua niliisafisha. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, ila kulikuwa na vidole vya Bibi chini, vinaharibu. Nilipoichapa nikavikata. Nikaitundika ukutani, ua peke yake. Niliridhika nayo mno.

Mwezi wa tano Eliwaza akashuka Same. Mama wa watoto watatu, amefunga kanga ya msiba, miguu ina vumbi lote la njia. Alikaa kwenye kiti cha wateja chini ya lile ua, bila kujua ni nini.

"Fundi, mama ametutoka. Wiki ya tatu sasa. Nimefuata ile picha yake."

Nikasema pole. Nikasema iliungua. Nilisema hivyo, sitaki kujipamba.

"Iliungua lini?"

"Wakati wa kusafisha."

"Na za wengine wa filamu ile? Mama Kirangi alipata ya kwake. Mwalimu alipata ya kwake." Hakupandisha sauti. "Moto wako unachagua?"

Watu wa kwetu mnawajua. Tunaweza kushika kesi ya kuku mpaka kuku awe bibi. Nilikuwa nauona mwaka mzima wa kuulizwa swali hilo, na nilikuwa nauona mlango wa yule bibi. Nikamwambia ukweli. Filamu ilikuwa imeisha. Nilibonyeza chuma kitupu.

"Alivaa gauni lake la Pasaka," akasema. "Alikuwa ananiuliza kila Jumapili, huyo fundi hajapanda? Na iliyomaliza filamu ilikuwa ya nani?"

Nikaonyesha ukutani.

Aliitazama ile picha, kisha mimi. "Utapanda Chome ukawaambie wajomba zangu kwa mdomo wako. Mimi siwezi kulibeba hili neno. Wataniuliza kama nimekunywa."

Nilipanda. Kabla ya kupanda niliingia kabatini nikachapa negativu ile upya, nzima, bila kukata kitu.

Tulikaa uani kwa Mzee Mbazi, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo. Wazee kama kumi na tano, chai ya tangawizi, na mimi kwenye kigoda kifupi kuliko vigoda vyote. Nikasema yote. Mzee Mbazi alikuwa anakuna kidevu.

"Ngoja nielewe. Kulikuwa na ua na kulikuwa na dada yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukapiga ua."

"Bibi alikuwa hajaomba bado, Mzee."

"Ua liliomba?"

Wakacheka wote, na kilikuwa kicheko kibaya. Mwingine akasema nitozwe mbuzi. Mwingine akasema nisikanyage tena Chome na hilo sanduku langu. Huyo ndiye aliyenitisha. Pesa za wateja wa milimani ndizo zilikuwa zinaniweka mjini, na maua yangu yote yalikuwa huko juu.

Nikatoa ile picha nikampa Eliwaza. Aliishika karibu na uso. Ua halikumshughulisha. Aliweka kidole chake juu ya vile vidole vilivyoshika shina.

"Hiki cha shahada," akasema taratibu, "kilipinda alipoanguka na kuni. Nilikuwa mdogo. Ni chenyewe." Akaipitisha kwa mjomba wake. Ikazunguka kigoda kwa kigoda, na hakuna aliyecheka tena. Iliporudi aliifunga kwenye pindo la kanga.

Yeye ndiye aliyetoa hukumu, wala si wazee. "Asitozwe mbuzi. Mbuzi ataliwa leo, kesho tumesahau. Awapige picha wazee wote wa ukoo huu, mmoja mmoja, kila aliye hai. Na asiguse ua mpaka amalize."

Wakakubali, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameanza kufikiria gauni au koti lake liko wapi.

Filamu niliipata mwezi uliofuata, moja, kwa njia ambayo siandiki. Nikapanda. Nimeshapiga wazee kumi na mmoja, kila kitu kinakwenda, ikafika zamu ya Mzee Mbazi. Alikuja na koti la jeshi la Mwingereza na fimbo. Akakaa. Akainuka.

"Fundi, filamu imo?"

"Imo, Mzee."

"Hata kwa dada ilikuwa imo."

"Mzee, safari hii imo kweli."

"Fungua tuione."

Nikamweleza kwamba filamu ikiona mwanga inakufa. Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Ipo, ila haionekani. Hata mganga ananiambia hivyohivyo." Wazee wakaanza kunguruma. Nikaapa. Nikaeleza tena, kwa Kiswahili na kwa Chasu, lugha yetu ya Upareni. Mzee Mbazi akaegemea fimbo. "Mtu mwaminifu hafichi kitu kwenye sanduku."

Basi nikafungua.

Jua la saa nne, kweupe, hakuna hata wingu la msaada. Walisogea wote wakainamisha vichwa. Filamu ilikuwa imelala pale, inang'aa.

"Kumbe imo," akasema Mzee Mbazi, ameridhika kabisa.

"Ilikuwemo," nikasema.

Nilipoisafisha walipona wawili, waliokuwa ndani kabisa ya mzingo, nao wana michirizi myeupe kichwani. Familia zao zilizitundika picha hizo sebuleni. Walisema ni nuru.

Ilibidi nitafute njia nyingine, na njia ilikuwa juu ya kamera siku zote. Upande wa kushoto kuna kigurudumu cha kurudishia filamu. Kama filamu imo, ukivuta wenzo kigurudumu kinazunguka chenyewe. Kama haimo, kinakaa kimya. Nilipanda tena, nikampa Mzee Mbazi kamera aishike. Nikavuta. Kikazunguka. Nikaizungusha filamu ikarudi kwenye kopo lake, nikavuta tena. Kimya. Akanitaka nirudie mara nne, halafu akawatangazia wenzake kama kwamba amekigundua yeye: "Mtazame hapa! Kisipozunguka, mshikeni!"

Niliwamaliza wote, msimu mzima. Sikugusa ua hata moja. Ua jekundu lilitoka kando ya ndiva, nikapita kama silijui.

Lakini sasa habari ya kigurudumu ilienea mlima mzima, Chome hadi Vudee, hata Usangi wakaisikia. Hakuna mtu wa milimani aliyekaa tena mbele yangu akatazama lenzi. Wote walitazama kigurudumu. Maharusi, wachungaji, watoto wa kipaimara, wamekaza macho pembeni juu, kama kuna nyuki. Nenda nyumba yoyote ya huko uone picha za miaka ile. Watu wa mjini waliniuliza kama Chome kuna ugonjwa wa macho. Nilikuwa nasema ni hali ya hewa.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Kila kitu ruksa. Filamu za rangi zikauzwa pembeni mwa vitunguu, na Moshi wakaleta mashine inayomeza filamu na kutema picha kabla hujamaliza chai. Kabati langu likarudi kuwa kabati. Kila mwenye mjomba Dar akawa na kamera ya plastiki, na kila mwenye kamera ya plastiki akawa fundi. Mimi nikapata maua yangu kwa rangi zake, nikagundua kwamba lile jekundu nilikuwa nimelikumbuka jekundu kuliko lilivyo. Nilipiga filamu nzima za maua, thelathini na sita za majani matupu, na hakuna mgambo aliyejali. Sikuficha kwamba nilifurahi. Lakini milimani wenye kamera zao walikuwa wengi, walioniita wakawa wachache, na hata hao wachache macho yao yalikuwa kwenye kigurudumu.

Eliwaza hakuwahi kuniita. Miaka yote ile nilipopanda tulisalimiana njiani, akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu, akaenda zake. Nilipowapiga picha wazee wa ukoo, yeye hakuwa mzee, hakuhesabiwa. Walipoozesha binti yake walimwita mtu wa Mwanga mwenye kamera ya plastiki.

Siku moja ya vuli, kweupe, nimepiga magoti palepale kando ya ndiva mbele ya ua lilelile, nikasikia miguu. Alikuwa Eliwaza, amevaa gauni na kitambaa cheupe. Nywele zimeota mvi pembeni. Nilimwamkia kwa heshima ingawa nimemzidi umri, sijui kwa nini.

"Umeshalipiga?" akauliza.

"Bado."

"Basi nipige mimi kwanza. Kabla hujalipiga hilo."

Nikainuka. Akatembea mpaka mbele ya mlango wa mama yake, akasimama, mikono imenyooka. Nikainua kamera, ileile ya Kirusi, maana za plastiki sijawahi kuziheshimu. Nikageuza upande ili aone vizuri.

"Kigurudumu kiko huku, mama. Tazama, navuta wenzo sasa."

"Sikitazami," akasema.

Nikavuta. Mimi ndiye niliyekitazama. Kilizunguka.

Nikabonyeza. Picha nilimpelekea mwenyewe kwa miguu, wiki ileile, na nakala nikabaki nayo. Mkija kubeba vitu vya studio chukueni kabati, chukueni pazia la ndege. Hiyo nakala muiache. Katika picha zote nilizopiga Chome tangu kigurudumu kijulikane, ni mtu mmoja tu anayenitazama machoni, na ni yeye.